Kupoza nyumba bila AC: anza kununua nini

Joto la Desemba hadi Machi huwasukuma wengi dukani kutafuta AC. Kabla ya kulipa, kuna vitu vya bei nafuu vinavyopoza kwa mbinu ambazo wadudu na miili yetu hutumia siku zote. Nimevipanga nikimfikiria mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayeishi chini ya bati.

Namba moja ni rangi nyeupe ya paa. Sisimizi wa fedha wa jangwa la Sahara huwinda mchana wa jua kali kwa sababu vinywele vyake vyenye pande tatu huakisi mwanga na kusaidia mwili kutoa joto. Rangi ya kuakisi jua hulifanyia bati jambo la namna hiyo. Gusa bati lenye kutu saa saba mchana, kisha gusa jeupe: la kwanza utaondoa mkono upesi. Omba rangi ya bati, kwani ile ya ukutani hubanduka mapema. Kutu isuguliwe kwa msasa na ipakwe praima kwanza. Baada ya hapo paa lioshwe vumbi kila mwaka, maana weupe ukififia, faida nayo hupungua.

Ya pili, pangaboi. Haipozi chumba, hukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Basi ukitoka, zima. Ya kawaida hula wati 50 hadi 75, wakati AC ya chumba hula karibu 1,000. Kama inazunguka usiku kucha, ongeza pesa uchukue yenye mota ya DC, inayotumia takriban nusu ya umeme huo. Wapo waliotengeneza feni kubwa za viwandani kwa kuiga vinundu vya mapezi ya nyangumi. Chumbani wewe angalia wati, kelele na urefu wa mapanga.

Tatu ni matofali ya matundu, ingawa kwa anayejenga sasa ningeyaweka ya kwanza. Jengo la Eastgate mjini Harare, la mwaka 1996, lilibuniwa na Mick Pearce kwa kuangalia vichuguu: hewa baridi ya usiku hupoza zege nene, na ya moto hutokea juu. Baadaye watafiti walionyesha kwamba kichuguu chenyewe hakipoi vile ilivyodhaniwa, lakini jengo linafanya kazi. Kwako, weka matundu ya chini upande wa upepo na mengine juu karibu na dari, yote yenye wavu wa mbu.

Feni ya maji ni ya mwisho, na hapa pwani nakusihi usiinunue. Inapoza kama mtungi wa udongo, kwa maji kugeuka mvuke, na hewa yetu imeshajaa mvuke. Utalala kwenye unyevu na shuka litanata. Dodoma kwenye kiangazi ipandishe hadi ya pili, ila acha dirisha moja wazi hewa yenye unyevu itoke.