Miezi saba na adapalini na benzoili peroksaidi: uso umetulia, kitenge cha mteja kimeharibika

Kabla sijazisifia dawa hizi mbili za kupaka za chunusi nianze na hasara. Mimi ni fundi cherehani hapa Makoroboi, Mwanza. Mwezi wa tatu nilikuwa namalizia gauni la mteja, kitenge cha zambarau, la kuvaa kwenye sendofu ya mdogo wake Jumamosi. Joto la barazani mchana mnalijua, na pasi yangu ni ya mkaa. Jasho likanitiririka, nikajifuta uso kwa kiganja, nikaendelea kukunja pindo na kupiga pasi. Jioni nalitundika gauni, naona alama tatu za vidole kwenye paja, zimepauka kama mtu kashika kwa mkono wenye jiki. Nikamgombeza binti anayenisaidia, maskini, hata jiki hana. Kumbe ni ile jeli niliyopaka usoni asubuhi. Benzoili peroksaidi inapausha rangi ya kitambaa, na ikipauka haifuliki. Nilinunua kitenge kingine kwa hela yangu nikashona usiku kucha.

Na bado naitumia. Sasa niwaeleze kwa nini.

Nina miaka 31. Chunusi zilinianza kidato cha tatu, paji la uso na mashavuni, zile zenye usaha na zile ngumu za chini kwa chini zinazouma ukilalia. Bibi yangu kule Magu alikuwa ananifariji, "Mjukuu wangu, ukiolewa zitaisha." Nimeolewa, nimezaa, mtoto yuko darasa la pili, chunusi zilibaki palepale. Nimepaka limao, nikatoka nalo juani, likaniunguza mdomo wa juu. Nimepaka dawa ya meno. Nimechemsha mwarobaini. Mafuta ya nazi niliyokuwa najipaka kila usiku ili ngozi ing'ae ndiyo naamini yalinijazia paji la uso, kwa sababu nilipoyaacha vile vipele vidogovidogo vilipungua bila dawa yoyote.

Lakini kilichonimaliza hasa ni krimu ya mchanganyiko. Wengi wenu mnaijua: tyubu ndogo, bei ya soda chache, unaiomba dukani kwa jina la "ya vipele" na hakuna anayekuuliza swali. Siku ya nne uso ukawa laini kama wa mtoto. Mama mkwe akaniambia nimenawiri. Nikaiacha, baada ya wiki moja uso ukafumuka kuliko mwanzo. Nikairudia, ukatulia. Nikaiacha, ukafumuka. Miezi mitano nilicheza mchezo huo. Mashavu yakawa meupe kuliko shingo, yakaota vinyweleo, na nikipanda kivuko cha Kamanga saa saba mchana ngozi ilikuwa inawaka kama nimepakwa pilipili.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa famasia niliyeingia kununua tyubu nyingine. Hakunipa. Alinigeuzia boksi akaniambia, "Dada, soma hapa." Betamethasoni, klotrimazoli, jentamisini. Akanielezea: ya kwanza ni steroidi, inatuliza wekundu na uvimbe haraka ndiyo maana unaona umepona, lakini chunusi haiitibu, na ukikaa nayo usoni inafanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi zake yenyewe. Ya tatu ni ya bakteria, ya pili ni ya fangasi. "Wewe una fangasi usoni?" Sina. Akaniuliza kama nina ujauzito au nina mpango wa kushika karibuni, maana dawa aliyotaka kunipa haifai kwa mjamzito. Huyo ndiye muuza dawa wa kwanza kuniuliza kitu tangu nianze kuhangaika.

Nilitoka na tyubu mbili: jeli ya adapalini asilimia 0.1 ya usiku, na jeli ya benzoili peroksaidi asilimia 2.5 ya asubuhi. Zote mbili zilinitoka kama elfu arobaini. Niliguna. Nikataka angalau ile ya peroksaidi ya asilimia 10, nikiamini kali ndiyo inayoponya. Akasema ya 2.5 inafanya kazi karibu sawa na kubwa zake, tofauti kubwa utaiona kwenye kuchubuka.

Ubishi wangu nilihamishia kwenye adapalini. Nilikuwa nimeambiwa kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku kupisha usiku kwa kuanzia. Mimi nikapaka kila siku, tena kwa wingi, kama napaka mafuta. Siku ya tano pembe za mdomo zikapasuka. Jioni mume wangu kaleta sato kutoka Mwaloni, tumemla na kachumbari yenye pilipili, nikala huku machozi yananitoka na yeye anafikiri nimekumbuka msiba. Pua ikawa inabanduka magamba meupe, wateja wakaniuliza kama nimelala kwenye unga.

Nikaacha siku nne, nikaanza upya kwa adabu. Naosha uso kwa sabuni isiyo kali, nasubiri ukauke kabisa, maana ukipaka kwenye ngozi yenye maji inachoma zaidi. Natoa punje yangu, naigusisha vituo vitano: paji, mashavu mawili, pua, kidevu. Kisha nasambaza, nikikwepa macho, pembe za pua na midomo. Juu yake losheni nyepesi isiyo na manukato. Basi.

Wiki ya tatu ndiyo ilitaka kunirudisha kwenye mchanganyiko. Zilitoka chunusi mpya kidevuni ambako hazikuwa zinakaa. Nilirudi famasia nimejaa hasira, na yule kijana akacheka kidogo (sikupenda) akasema adapalini inazibua vitundu vya ngozi, na zilizokuwa zinajiunda chini zinaweza kujitokeza mapema. "Nipe wiki kumi na mbili, dada." Sehemu ya vita vyangu nadhani ilikuwa pia ni ule uso uliozoea steroidi unaidai. Wiki ya sita chunusi mpya zikapungua. Wiki ya kumi nikapiga picha dirishani, nikahesabu mbili tu.

Madoa ni habari nyingine. Sisi wenye ngozi nyeusi chunusi ikiondoka inaacha kivuli chake, na kivuli hicho kinakaa miezi. Yangu ya shavu la kushoto bado yapo, yamefifia tu. Hapa jua linachangia sana: Mwanza iko karibu na ikweta, na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halafu ziwa linakurudishia mwanga usoni. Adapalini nayo inaifanya ngozi ihisi jua upesi. Nimenunua losheni ya kukinga jua, ghali na inaniachia weupe kwenye nyusi, kwa hiyo siku nyingi naishia kwenye kofia pana na kuhamishia cherehani upande wa kivuli. Sijivunii hilo.

Kitu kimoja ambacho hakikunigharimu: niliacha kuruhusu mafuta mazito ya nywele yashuke kwenye paji nikisukwa. Mstari wa vipele chini ya nywele umeondoka.

Kwa kazi yangu nimebadilisha utaratibu. Peroksaidi napaka usiku wa Jumamosi na Jumapili tu, na siku za kati adapalini peke yake. Taulo na foronya zangu ni nyeupe sasa. Foronya ya bluu ya harusi ina ramani ya shavu langu. Nanawa mikono kwa sabuni kabla sijagusa kitambaa cha mtu.

Kama chunusi zako ni vinundu vikubwa vinavyouma na kuacha mashimo, usipoteze miezi na jeli kama mimi, nenda kwa daktari wa ngozi, kuna vidonge vinavyohitaji cheti na vipimo. Mimi bado napata mbili tatu kwenye taya kila nikikaribia hedhi, na hizo jeli haijazigusa.

Tyubu ya adapalini inanifikisha karibu miezi miwili. Ya nne nimeinunua juzi, imepanda elfu mbili.