Lenzi ya 35mm kwa picha za watoto ndani ya nyumba: uzoefu wangu Mikindani

Bibi mmoja wa Mikindani aliipokea picha niliyompelekea, akaigeuzia mlangoni aione vizuri, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona mjukuu wangu ana miguu minne?"

Ilikuwa arobaini ya mtoto mchanga. Kaka yake, miaka minne, alikuwa anazunguka katikati ya chumba amejifunga kanga ya dada yake. Kwenye picha kochi limetulia, wageni wametulia, mtoto peke yake ndiye ukungu. Nilirudisha nusu ya malipo, na usiku ule ndipo nilipoacha kulaumu giza la nyumba za watu nikaanza kuiangalia lenzi yangu.

Napiga picha za shughuli za kina mama na watoto, Mtwara mjini na Mikindani: arobaini, akika, siku za kuzaliwa, mtoto kuhitimu chekechea. Naitwa kwa sababu ni mwanamke. Shughuli ikiwa ya ndani, wanaume hukaa barazani, na mpigapicha mwanamume hukaa nao huko huko. Kwa hiyo kazi yangu karibu yote iko chini ya paa, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi chenye wageni ishirini.

Mwanga wa nyumba zetu lazima niueleze, maana ushauri mwingi wa lenzi umeandikwa na watu wenye nyumba za aina nyingine. Nyumba za zamani za mawe za Mikindani zina kuta nene, madirisha madogo, na juu boriti za mikoko zilizogeuka nyeusi kwa umri. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi mzuri kabisa, lakini mwanga unaoingia unamezwa kabla haujafika kitandani. Nyumba mpya za Chuno au Chikongola zina madirisha makubwa, ila siku ya shughuli yanatundikwa mapazia mazito ya sherehe, na nyingi bado hazijawekwa dari: ukitazama juu ni kenchi na mabati. Ukimuuliza mtu atakwambia nunua flashi, ielekeze darini, mwanga utarudi laini. Sawa, kama dari ipo na ni nyeupe. Kwenye boriti nyeusi haurudi, na ukutani kwenye rangi ya mafuta ya kijani, ile inayopakwa hadi kifuani, unarudi na ukijani wake juu ya uso wa mtoto. Nayo flashi ndogo ya juu ya kamera, kwa joto letu, inaufanya kila uso wenye jasho ung'ae kama sufuria, na mtoto mchanga anashtuka na kulia. Mimi kwa mtoto mchanga siiwashi kabisa.

Kamera yangu ni Nikon D3300, ilikuja na lenzi yake ya 18-55mm. Hizo mm ni urefu wa lenzi: namba ndogo inaona kwa upana, namba kubwa inavuta karibu. Siku ya miguu minne nilikuwa nimevuta zumu hadi mwisho, 55mm. Pale lenzi ile haifunguki zaidi ya f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, niliipandisha hadi 3200, na kamera ikaniachia shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/15 ya sekunde. Kwa 1/15 bibi aliyekaa na tasbihi yake anatoka safi. Mtoto anayecheza anataka 1/250, akitulia kidogo unaweza kushuka hadi 1/160. Lenzi ile ina VR, mtambo wa kutuliza mtetemo, nami kwa miaka miwili niliamini ndiyo tiba. VR inatuliza mkono wa anayepiga. Mguu wa anayepigwa haiugusi.

Dawa ni tundu la lenzi lifunguke zaidi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 10: lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga mara kumi ya ile niliyokuwa nayo siku ile. Ile 1/15 inakuwa 1/150 bila kuigusa ISO. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, sikuamini kwamba kitu cha kuniokoa kilikuwa kidogo hivyo.

Sasa, f/1.8 ya urefu gani? Kila niliyemuuliza alinijibu hamsini. Nunua 50mm, ni rahisi, ni kali, inatia ukungu mzuri nyuma. Nikapanda basi hadi Dar kwa msiba wa familia, na kabla ya kurudi nikapita Kariakoo kwenye duka moja la vifaa vya mtumba. Nikapewa 50mm f/1.8D kwa shilingi 180,000. "Inaingia Nikon yoyote, dada," muuzaji akaniambia. Kamera nilikuwa nimeiacha Mtwara. Nilipofika nyumbani, zaidi ya kilomita mia tano na hamsini kutoka dukani, nikaifunga, na kweli iliingia. Nikabonyeza. Fokasi haikusogea.

Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF tu, zenye herufi D mwishoni kama hii, hazina mota ya fokasi ndani yake, hutegemea mota iliyomo kwenye mwili wa kamera. D3300 haina mota hiyo, na wala ndugu zake wa mfululizo wa D3000 na D5000 hawana. Kwa kamera hizi tafuta lenzi ya Nikon iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota yake ndani, au AF-P kwa zile kamera zinazozikubali. Neno "inaingia" halitoshi. Muulize muuzaji, "Fokasi itajiendesha kwenye kamera hii?" na umwonyeshe kamera yenyewe. Niliwahi kumfuata mwanangu sebuleni nikizungusha fokasi kwa mkono. Kati ya picha arobaini nilipata mbili.

Na hata fokasi ingejiendesha, bado isingenifaa. Kihisi cha kamera hizi, kile kinachopokea picha ndani, ni kidogo kuliko cha fuli fremu, zile kamera zenye kihisi kikubwa, kwa hiyo 50mm inaona kama 75mm. Ukisimama mita tatu kutoka kwa mtoto, upana wote unaoingia kwenye picha ni mita 1.4 hivi. Mita tatu ndicho chumba chenyewe! Nilikuwa nabanwa mgongo kwenye kabati la vyombo, na bado nakata mikono ya mama aliyembeba mtoto. Lenzi ile nimemuuzia mpigapicha wa Masasi mwenye D7000, kamera yenye mota yake, naye anaipenda.

Kabla ya kununua tena nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Nilichukua seloteipu nikaifunga pete ya zumu kwenye alama ya 35, nikakaa hivyo wiki nzima. Sikujali picha zitatoka giza, nilichotaka kujua ni kama chumba kinatosha. Kilitosha. Kwa 35mm, mita tatu zinakupa upana wa mita mbili: mama, mtoto, na bibi pembeni. Ukisogea hadi mita moja na nusu unabaki na mtoto na mikono inayomshika. Kisha nikafungua picha zangu za zamani kwenye kompyuta, nikaangalia taarifa za kila picha zilizopendwa na wateja. Nyingi zilipigwa kati ya 28 na 40. Zumu yako inakujua kuliko unavyojijua. Iulize kwanza, maana haikutozi kitu.

Niliyonunua ni Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G. Ilitoka mwaka 2009, kwa hiyo za mtumba hazikosekani. Safari hii nilimtuma mpwa wangu aliyeko Dar, nikamwelekeza kwa simu: washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja wa lenzi, tazama kwa upande wa pili, nirekodie video. Ya kwanza tuliikataa. Ndani ilikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ndiyo kuvu hiyo. Ya pili ilikuwa safi, shilingi 420,000 pamoja na mfuniko na kikinga jua chake. Ilikuja kwa basi ikiwa imeviringishwa kwenye taulo ndani ya ndoo ya unga.

Ina uzito wa gramu 200 tu. Hili silisemi kwa kupita. Shughuli ya akika inakwenda saa nne au tano, mkono mmoja una kamera na mwingine mara kwa mara umepokezwa mtoto wa mtu. Mota yake haipigi kelele, kwa hiyo kichanga kilicholala hakigutuki. Fokasi inaanza sentimita 30, unaweza kupiga vidole vya mtoto vimeshika kidole cha mama. Ila usisogee hivyo usoni. Ukimkaribia mtoto sana kwa lenzi hii pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Kwa uso mimi sishuki chini ya mita moja, bora niikate picha baadaye.

Nimeishi nayo mwaka na miezi, na naipanga hivi: tundu f/2.2 kwa mtoto mmoja, f/2.8 wakiwa wawili. Shata 1/250, ISO nimeiacha ijiendeshe yenyewe isivuke 6400. Fokasi ya kufuatilia, AF-C, nukta moja, naiweka jichoni. Sitembei na f/1.8 wakati wote ingawa ndiyo niliyoilipia. Ukiwa mita moja, kwa f/1.8 eneo lililo wazi ni kama sentimita sita tu kutoka mbele hadi nyuma. Mtoto akiinamisha kichwa kidogo, jicho ni safi na sikio limepotea. Watoto wawili hawakai mstari mmoja hata uwaombe kwa peremende.

ISO 6400 ina chenga, punje punje kwenye picha, siwezi kuficha. Wateja wangu hawajawahi kulalamikia chenga. Miguu minne waliilalamikia.

Kasoro zake zipo. Kwa f/1.8, mtoto akiwa mbele ya dirisha lenye nondo, kingo za nondo zinatoa rangi ya zambarau, na nyuma yake ukijani kidogo, kwa f/2.8 inapungua sana. Fokasi si ya haraka kupindukia: mtoto akikukimbilia moja kwa moja utapoteza picha kadhaa kabla ya kupata moja. Haina VR, na mimi sijaikumbuka. Kuna tatizo jingine ambalo nilidhani ni la lenzi kumbe ni la taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara mia kwa sekunde bila jicho kuona. Kwa 1/250 picha moja inatoka angavu, inayofuata ina ufito wa giza katikati. Ukiona hivyo, shuka hadi 1/100 kwa waliotulia, au mhamishe mtoto dirishani. Dirisha halipepesi.

Jingine ni ngozi zetu na nguo nyeupe. Kwenye akika kila kitu ni cheupe: shuka, gauni la mtoto, mtandio wa mama. Kamera inaona weupe, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zinazama. Mimi naongeza mwanga kwa +0.7 kabla hata sijaanza, na nafuata uso, siifuati shuka.

Mwenye Canon asinunue hii, haifungiki. Kwa kamera zao zenye kihisi kidogo, ile 50mm f/1.8 STM inayosifiwa kila mahali inaona kama 80mm, yaani shida yangu ile ile na zaidi. Rafiki yangu wa Lindi anatumia EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama andazi lililokandamizwa, na kwa vyumba vya kwake inamtosha, ingawa f/2.8 inamlazimisha kupandisha ISO kuliko mimi. Na mwenye fuli fremu, kwake 50mm ndiyo hiyo hamsini wanayoisifia. Kwenye kamera yangu kazi hiyo inafanywa na 35.

Halafu unyevu. Sisi tuko ukingoni mwa ghuba, chumvi iko hewani mwaka mzima na msimu wa mvua hata viatu vinaota ukungu kabatini. Lenzi haikai kwenye begi nyumbani kwangu. Inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ninavyookota kwenye maboksi ya viatu, na kila Jumapili naitoa ipate hewa na mwanga wa dirishani. Ile iliyokataliwa na mpwa wangu ilikuwa imetoka kwa mtu wa pwani kama mimi.

Yule bibi nilirudi kwake mwezi wa Ramadhani uliopita, kwa hiari yangu, sikumtoza. Mjukuu sasa ana mitano na haketi hata dakika moja. Nilifungua mlango wa uani, nikamwacha aruke kutoka kitandani kwenda mkekani, nikakaa chini sakafuni usawa wa kifua chake: f/2.5, 1/320, ISO 4000. Bibi aliitazama kwenye kioo cha kamera, akavaa miwani, akaitazama tena, akahesabu miguu kwa kidole.

Jumamosi hii nina akika Shangani. Chumba nimeshakiona: dirisha moja, linatazama baharini, na kitanda kimewekwa ukuta wa mbali. Nimemwomba mama mwenye shughuli wakisogeze.