Heta ya sola ya lita 200: mtihani wake ni Julai ya Limuru

Mtu wa Mombasa anaweza kuruka haya. Mimi niko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Julai kuna siku jua halionekani kabisa.

Nilikuwa naikimbia shawa ya stima. Ile ya kupasha papo hapo hula kama kilowati 5. Mtu akioga dakika 10, karibu uniti nzima imekwenda, na nina vijana wanaoimba bafuni. Jirani akaniuliza, stima yetu nyingi si tayari ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, sola ya nini? Kweli, lakini tokeni sinunui kwa sifa.

Nilichukua ya mirija ya kioo. Kila mrija una kuta mbili zisizo na hewa katikati, hivyo baridi ya nje haiibi joto upesi. Dukani kagua ncha ya chini ya kila mrija: inapaswa kung'aa kama fedha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, ukatae. Mmoja wangu ulikuwa hivyo, wakanibadilishia.

Jua likiwaka, maji ya jioni yanachoma. Siku za ukungu ni vuguvugu, na hapo ndipo watu huwasha kipashio cha stima ndani ya tangi wakakisahau. Changu ni kilowati 1.5. Kutoa lita 200 kwenye nyuzi 15 hadi 50 ni kama uniti 8, sola gani hiyo? Nakiwasha saa moja kabla ya kuoga, basi.

Fundi aliacha bomba la maji moto bila kulivika sponji. Alfajiri unakinga karibu ndoo nzima ya baridi kabla moto haujafika. Dai bomba livikwe kabla ya kulipa. Na mfereji ukikauka, usijaze tangi mchana: mirija iliyochemka ikipata maji baridi hupasuka.

Nililipa elfu 85 pamoja na ufundi. Tokeni za wiki sasa hufika karibu mwezi. Naipa nne kwa tano.

Sebule lakini haipashi. Jioni bado tunaingiza jiko la makaa, dirisha wazi, na kulitoa kabla ya kulala, maana hewa yake huua watu usingizini. Wapangaji, subirini kwenu: kuing'oa na kuihamisha ni gharama nyingine.