Sanamu ya misuli ya mkono: vipande safi, ubao wenye kasoro

Kwa miaka mingi nimefundisha somo la misuli kwa kutumia miguu ya kuku. Mtoto yeyote aliyekulia katika nyumba ambamo kuku huchinjwa uani anajua kwamba ukiuvuta ule uzi mweupe unaochungulia pale mguu ulipokatwa, vidole hujikunja kana kwamba kuku yungali hai, na mwalimu akianzia hapo hahitaji maneno mengi kueleza kazi ya kano. Ndiyo maana nilisita kabla ya kulipa shilingi 385,000 katika duka moja la vifaa vya maabara ili kupata sanamu ya plastiki ya mkono wa binadamu, pamoja na ubao wa kuonesha jinsi msuli unavyokaza na kijitabu cha maelezo. Nimeitumia seti hiyo kwa muhula mzima na wanafunzi wa Kidato cha Tatu, na maoni yangu juu ya mkono ni tofauti kabisa na maoni yangu juu ya ubao.

Mkono una ukubwa wa mkono wa mtu mzima, na misuli yake imeshikwa kwa sumaku zenye nguvu ya kutosha hata wanafunzi arobaini wakiupokezana. Ukiondoa msuli wa bega unakutana na bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, na hapa mtengenezaji amefanya kazi ya kusifiwa: vichwa vyake viwili vimetenganishwa sawasawa, kile kifupi kikianzia kwenye ncha ya mfupa wa bega iliyopinda kama mdomo wa ndege, na kile kirefu kikipanda kwa kano nyembamba iliyolala katika mfereji wa humerasi, mfupa wa mkono wa juu, na kupita juu ya kichwa cha mfupa huo. Ukiinua bisepsi, chini yake upo brakialisi, msuli ambao vijana wanaonyanyua vyuma hawautaji kamwe, ingawa ndio wenye nguvu zaidi katika kukunja kiwiko. Kati ya mifupa miwili ya mkono wa chini, brakialisi umejishikiza kwenye alna, mfupa usiozunguka, ilhali bisepsi umejishikiza kwenye radiasi, mfupa unaozunguka kiganja kinapogeuzwa. Kwa hiyo bisepsi hufanya kazi mbili, kukunja kiwiko na kugeuza kiganja kielekee juu, na anayetaka kuthibitisha na ashike bisibisi kwa mkono wa kulia, akaze skrubu ngumu, huku mkono wa kushoto ukipapasa msuli huo unavyofura. Cha kushangaza ni kwamba kijitabu kimeandika kuwa bisepsi huishia kwenye alna, wakati sanamu yenyewe inaonesha radiasi. Mwalimu afuate sanamu.

Faida nyingine, ambayo sikuitarajia, ni kwamba mkono huu unapimika. Kutoka kwenye bawaba ya kiwiko hadi pale bisepsi inaposhika radiasi nilipata sentimita 4, na hadi katikati ya kiganja sentimita 32. Wanafunzi walikokotoa wenyewe kwamba mtu akishika mzigo wa kilo 5 kiganjani, kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba, misuli inayokunja italazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 hivi endapo itavutia hapo, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mwili umekubali hasara hiyo ya nguvu ili upate mwendo, kwa kuwa msuli ukifupika kidogo tu, kiganja husafiri umbali mrefu.

Kasoro ya kwanza imo katika kamba mbili za mpira zinazowekwa badala ya misuli ili kuonesha mwendo. Mkono ukikunjwa, mpira wa mbele hulegea na kuning'inia, na ule wa nyuma, unaowakilisha trisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, hukazwa. Hali halisi ni kinyume chake, kwa kuwa msuli unaofanya kazi ndio unaokuwa mgumu, na mwenzake hulegea ili avutwe. Msuli hauwezi kusukuma, na ndiyo sababu misuli inapangwa kwa jozi zinazopingana. Mwanafunzi mmoja alishika mkono wake mwenyewe, akaitazama sanamu, akaniuliza ni yupi kati yao anayesema uongo.

Ubao ndio ulionisikitisha zaidi. Unaonesha sarkomea, kipande kidogo cha uzi wa msuli chenye urefu wa takriban mikromita 2.5, katika hali mbili, umelegea na umekaza. Niliweka rula: nyuzi nene za protini iitwayo miosini zina sentimita 12 katika picha ya kwanza na sentimita 9 katika ya pili. Hilo ndilo kosa ambalo wanasayansi Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mmoja, na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mwingine, walilifuta mwaka 1954, walipoonesha kwamba nyuzi hizo hazifupiki. Zile nyembamba, za protini iitwayo aktini, huteleza katikati ya zile nene, na sarkomea nzima ndiyo inayopungua urefu. (Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu.) Mimi sasa natumia kiberiti: kasha moja la nje, na vijisanduku viwili vya ndani vikiingizwa kutoka pande zote mbili hadi vikutane katikati. Hakuna kilichofupika, lakini urefu wa jumla umepungua.

Kwa haki, shanga za kijani zinazowakilisha kalisiamu zimewekwa vizuri, na zinaonesha jinsi inavyoshika troponini, protini iliyo juu ya uzi wa aktini, na kuusogeza uzi wa tropomiosini, protini inayoziba aktini, ili vichwa vya miosini vipate pa kushika. Lakini maelezo ya ATP, kemikali inayoupa msuli nishati, ni nusu. Yanasema kwamba ATP huvuta, bila kutaja kwamba ndiyo pia inayokifanya kichwa cha miosini kiachie. Bila habari hiyo mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa, wakati ATP imekwisha na vichwa vimebaki vimeng'ang'ania. Misuli laini na ya moyo imepewa picha mbili ndogo pembeni, nazo hazina kosa.

Nilimwuliza muuzaji kama mkono unaweza kununuliwa peke yake. Alijibu kwamba huuzwa seti nzima, ingawa baada ya kuoneshwa ubao na rula alikubali kunirudishia shilingi 30,000.