Gundi ya chuma au kuchomelea? Uzoefu wangu na boda na pikapu hapa Kigoma

Wadau, kila nikipita gereji za Mwanga nakuta ubishi uleule, fundi wa kuchomelea anasema gundi ni ujanja wa wauza spea, muuza spea nae anasema gundi yake inashika kuliko weldi, na ukiangalia wote wanatetea ugali wao. Mimi nina pikapu inabeba mawese kutoka Ilagala na Simbo kuja mjini, na nina boda moja nimempa dogo anaendesha ananiletea hesabu, kwaio vitu vya kupasuka na kuvuja havikosekani, na njia zote mbili nimezilipia kwa hela yangu mwenyewe.

Nianze na boda maana ndo ilinifanya niiheshimu gundi. Ni Boxer, cheni ilikatika dogo akiwa na abiria wanapandisha kutoka Kibirizi, na wenye pikipiki mnajua, cheni ikikatika haianguki tu chini ikaisha, inajisokota pale mbele kwenye sproketi ndogo inagonga krankesi, yaani ganda la chini la injini linaloshika oili, kama nyundo. Ufa wenyewe haukuwa mkubwa, urefu wa kidole gumba hivi, ila oili inachuruzika mpaka kwenye kandambili ya dogo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa kuchomelea ambae namwamini, akachuchumaa akaiangalia, akafuta oili kwa kidole, akasema "Mwanangu, hii aluminiamu, mashine yangu mimi ni ya chuma. Nikiigusa hapa unaondoka na tundu la kupitisha ngumi."

Na alikuwa hanidanganyi. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, lakini juu yake ina utando mwembamba ambao hata huuoni kwa macho, ule hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, sasa ukiichoma na mashine ya kawaida ngozi inagoma huku nyama ya ndani ishakuwa uji, ghafla yote inadondoka. Inataka mashine ya tigi na gesi ya argoni na mtu anaeijua hiyo kazi, na huku mwisho wa reli mtu wa hivo unamtafuta kwa tochi. Afu hata ukimpata, injini lazima ishuke ifunguliwe yote, maana joto linaua sili na linaweza kupinda kesi ikawa haikai tena. Boda imelala siku zote hizo, dogo haleti hesabu, nyumbani kwake nako wanakula nini.

Basi nikanunua gundi ya chuma inaitwa J-B Weld, ile ya tyubu mbili, nyeusi na nyekundu, ya Wamarekani wa Texas, wameanza kuitengeneza tangu 1969. Bei yake sio ya kitoto ukilinganisha na zile gundi za mia tano, ila ukiweka pembeni ya bei ya krankesi mpya na kushusha injini, hata huumii.

Kazi yenyewe asilimia kubwa ni usafi, na hapa ndo wengi wanapoharibu afu wanaitukana gundi. Tulimwaga oili yote, pikipiki tukailaza ubavu juu ya gunia ili mabaki ya oili yasirudi kwenye ufa, maana hata unyevu kidogo tu ukitokea kwa ndani gundi haishiki ng'o. Tukapiga petroli na brashi ya waya, tukakausha, tukapiga msasa mkavu mpaka aluminiamu ikang'aa na ikawa na mikwaruzo (mikwaruzo ni muhimu jamani, gundi inataka pa kung'ang'ania, haitaki kioo), tukamalizia na tina ya rangi kwa kitambaa kisafi na baada ya hapo hakuna kugusa na kidole. Kwenye kila ncha ya ufa tukatoboa kitundu kidogo kwa drili, hicho kinauzuia ufa usiendelee kutembea. Ndo ukachanganya, nyeusi sawa na nyekundu, nusu kwa nusu, unakoroga mpaka iwe kijivu cha rangi moja, michirizi ikiwepo bado. Nikaisukuma ndani ya ufa na ncha ya kisu, nikakata kipande cha wavu wa dirishani nikakilaza juu, nikapaka tena juu ya wavu.

Afu unaiacha. Hapo ndo pagumu kwa Mtanzania. Baada ya masaa 4 mpaka 6 ukiigusa inaonekana imeshika, ila ukomavu wenyewe ni masaa 15 mpaka 24, na dogo alishaanza kunizunguka "bosi mbona imekauka, mbona imekauka", nikamwambia nenda kalale. Kesho yake nikaigonga na msumari, inalia kama chuma. Oili ikawekwa, ikapigwa kiki, na mpaka leo naandika hivi haijatoa hata jasho. Joto la oili ya pikipiki haliifikii, yenyewe inavumilia mpaka nyuzi 288.

Sasa msinielewe vibaya mkaenda kupaka gundi kila mahali, maana baada ya ile kazi na mimi nilipata muuza duka wa kuniambia hata chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, inashika. Chesisi! Pikapu ilipata ufa nyuma, pale kwenye hanga ya springi, na mimi nikijaza yale madumu ya lita 20 ya mawese na hii barabara ya vumbi ya Ilagala na makorongo yake, pale panapigwa juu chini kutwa nzima. Soma tu maandishi kwenye pakti zenyewe. Hii gundi inaandikwa nguvu ya kuvutwa paundi 5,020 kwa inchi ya mraba. Chukua sasa pakti ya vijiti vya kuchomelea vya kawaida, E6013, ile 60 ya mbele maana yake ni paundi 60,000 kwa inchi hiyohiyo. Mara kumi na mbili kasoro. Na gundi ina udhaifu mwingine ambao hawauandiki kwa herufi kubwa, inapenda kuvutwa sambamba na uso ilipobandikwa, tena eneo likiwa pana, ila ukianza kuibandua kutokea pembeni inaachia kama stika, na chesisi inayojipinda ndo kazi yake hiyo kubandua.

Mtu ataniambia mbona kuna magari yanaungwa na gundi kiwandani, kweli, Lotus Elise ya 1996, kagari ka michezo ka Waingereza, chesisi yake ya aluminiamu imegandishwa na epoksi, jamii ya gundi hiihii. Lakini wale wanaanza na vipande vimechorwa toka mwanzo viwe na eneo kubwa la kukutania, vinasafishwa kwa dawa, vinaingizwa kwenye oveni. Wewe uko chini ya mwembe na msasa wa jero.

Kwaio chesisi nikampa yuleyule mzee wa kuchomelea. Kitu cha kwanza alichofanya alinituma nikatoe waya wa hasi kwenye betri, maana umeme wa weldi ukipita njia isiyo yake unaua alteneta, na gari za kisasa unaua na kompyuta. Akapiga grenda kwenye ufa akaufungua kama herufi V mpaka mwisho, akajaza, akasawazisha, ndo akaweka bamba juu. Nikaona bamba kalikata ncha zake mshazari badala ya kulinyoosha wima, nikamuuliza, akasema ukichomelea mstari wima kukatiza chesisi utakuwa umeichorea sehemu ya kukatikia, hapohapo pembeni ya weldi ambapo chuma kimebadilika kwa joto. Akamaliza kwa kupaka rangi ya kuzuia kutu, maana chuma kilichochomwa kinaoza haraka na hewa ya ziwa hii haina huruma. Umeme ulikatika katikati ya kazi tukasubiri mpaka jioni, hiyo nayo uiweke kwenye hesabu, gundi haihitaji umeme.

Ekzosi sitaki kuiongelea sana, rafiki wa dogo alipaka gundi karibu na injini, ikanuka, ikawa mkaa, ikadondoka. Joto la pale linaipita hiyo 288 mbali sana, choma tu na weldi.

Tenki la petroli ndo nataka mnisikilize. La boda lilitoboka kwa kutu chini, kitundu cha sindano, na kuna kijana alikuwa tayari kulichomelea palepale, eti ameshamwaga petroli yote. Tenki tupu ndo baya zaidi, petroli ikiisha inabaki mvuke umechanganyika na hewa na cheche moja inatosha. Hata ukiliosha na sabuni mvuke unajificha kwenye mikunjo na chini ya kutu. Pale nilitumia gundi, tenki limeshushwa, limekauka juani, limepigwa msasa kwa nje mpaka chuma cheupe, na ikishakomaa petroli haiisumbui. Ila najua kutu bado iko ndani inakula taratibu, hiyo ni ya kunivusha mpaka nipate tenki jingine, na nishaanza kuuliza bei.

Na zile za kukauka dakika tano, ziwekeni kwenye gari kwa ajili ya dharura porini, zinaziba lakini nguvu yake ni ndogo na joto haziliwezi kama ile ya kusubiri. Ufikeni salama mjini afu muibandue mfanye upya.

Sa hivi rejeta ya pikapu nayo imeanza kutoa jasho pale plastiki ya juu inapokutana na aluminiamu. Pale vitu viwili vinatanuka tofauti kila injini ikipata moto, gundi itapasuka na kuchomelea plastiki na aluminiamu hakuna, kwaio naagiza nyingine. Kama kuna mtu anauza iliyotumika ila nzima, ya Hilux ya dizeli, anitafute.