Sailensa ya Gari la Siku za Uwanjani: Nunua Inayofunguka

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wenye magari yaliyoongezewa nguvu yanafanana mno. Mwenye gari amefunga sailensa mpya, amepimwa sauti kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye uwanja wa mbio, amepita bila taabu na kuifurahia siku yake. Msimu unaofuata anarudi na gari lile lile, injini ile ile na bomba lile lile, na kabla ya saa sita mchana anaoneshwa bendera nyeusi, ile ya kumtoa dereva njiani, anaambiwa amevuka kiwango cha sauti, na ada aliyolipa kwa siku nzima inapotea. Anapouliza anunue nini, muuzaji humwelekeza kwenye sailensa iliyo ghali kuliko ile ya kwanza, ambayo nayo imejengwa vile vile na itamwangusha vile vile.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unazipanga sailensa kwa kigezo ambacho matangazo hayakitaji: kama chombo chenyewe kinaweza kufunguliwa, kilichomo ndani kikatolewa na kujazwa upya. Kipenyo cha bomba, aina ya chuma, uzito na mng'ao ni mambo ambayo kila muuzaji hueleza kwa kirefu, na msomaji hanihitaji mimi nimrudie hayo.

Tuanze na vipimo. Kipo kipimo cha gari likiwa limesimama, ambapo kipimasauti huwekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, huku injini ikizungushwa hadi robo tatu ya kasi yake ya juu. Viwanja vya Uingereza hutumia sana njia hii. Siku nyingi huko kikomo ni desibeli 105, lakini Donington Park huwa na siku za desibeli 98, na Bedford Autodrome imejulikana kwa kikomo cha 101. Kipo pia kipimo cha gari likipita kwa kasi, ambacho huchukuliwa kando ya njia bila dereva kujua ni wakati gani hasa. Bedford imejulikana kwa desibeli 87.5 kwa umbali wa mita 20, na Laguna Seca, kule California, huwa na siku nyingi za desibeli 90 zinazopimwa takriban mita 15 kutoka ukingo wa njia.

Namba hizi haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Kwa hesabu ya umbali peke yake, sauti ya desibeli 101 kwa nusu mita ingeshuka hadi 69 hivi kwa mita 20, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba 87.5 ni kikomo cha huruma. Sivyo, kwa sababu gari lililosimama linazungusha injini isiyobeba mzigo, ilhali gari linalopanda kutoka kwenye kona likiwa limekanyagwa mafuta mpaka mwisho linasukuma moshi mwingi zaidi, linavuta hewa kwa nguvu, na matairi yake pia yanapiga kelele. Kadhalika, desibeli hazihesabiki kama mita au kilo. Kupunguza desibeli 3 ni kuondoa nusu ya nishati yote ya sauti, na kupunguza 10 ni kubakisha sehemu moja tu ya kumi. Anayeambiwa amezidi kwa tatu tu anatoa nishati ya sauti maradufu ya inayoruhusiwa, na hawezi kujiokoa kwa kukaza vibano vya bomba.

Sailensa nyingi zinazouzwa kwa magari ya aina hii ni za moshi kupita moja kwa moja. Ndani ya ganda kuna bomba lenye matundu, na bomba hilo limezungushiwa nyuzi za kioo au za basalti. Moshi hupita katikati bila kuzuiwa, ndiyo maana injini haipotezi nguvu nyingi, na sauti hupenya kwenye matundu, ikahangaika ndani ya nyuzi na kugeuka joto. Kwa maneno mengine, kazi yote ya kunyamazisha inafanywa na nyuzi. Nyuzi hizo hushambuliwa na joto, mtetemo, maji yanayotona injini ikiwa baridi, na mafuta yasiyoungua. Injini iliyorekebishwa ili ilipuke-lipuke ekzosini kila dereva anapoachia mafuta ndiyo inayozimaliza upesi kuliko zote. Hukatika vipande vidogo, zikapeperushwa nje kupitia matundu yale yale, safari baada ya safari.

Kinachonikera ni kwamba dereva hana namna ya kulisikia jambo hili. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huwaka mara 200 kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wake mkuu uko kwenye hezi 200. Vipimasauti vya viwanjani hutumia mizania iitwayo A, inayofuata jinsi sikio la binadamu linavyopokea sauti hafifu. Mizania hiyo hupunguza desibeli 11 hivi kwenye hezi 200, karibu 19 kwenye hezi 100, na haipunguzi chochote kwenye hezi 1,000. Nyuzi nazo hunyonya vizuri zaidi sauti nyembamba na kali kuliko mngurumo mzito. Zinapopungua, kinachoongezeka kwanza ni ile sauti kali ambayo kipimasauti huihesabu yote, huku dereva aliyevaa kofia ngumu akiendelea kuusikia mngurumo ule ule aliouzoea na kuamini kwamba hakuna kilichobadilika. Naamini kabisa kwamba wengi wa wanaonilalamikia waliangushwa hapo.

Ziko dalili za kuangalia, na hazihitaji chombo cha kupimia sauti. Siku sailensa inapofika, kabla haijafungwa, iweke kwenye mizani na uuchore uzito wake kwa ncha ya msumari kwenye upande wa ganda usioonekana. Ikivuliwa baadaye na kupimwa tena, gramu zilizopungua ni nyuzi zilizoondoka. Ikiwa imepoa, igonge kwa kifundo cha kidole kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine: palipojaa hutoa sauti iliyofifia, palipo patupu hulia kama debe. Tazama pia rangi ya ganda, kwa sababu doa la buluu au la kahawia lililojitokeza mahali pamoja huonesha kwamba joto linafika kwenye chuma bila kizuizi.

Sasa nizipange.

Ya kwanza ni Burns Stainless ya Marekani, na upendeleo wangu kwake siufichi. Sailensa zake za mbio zimetengenezwa zikijulikana kwamba nyuzi zitaisha, na kwa hiyo zimetengenezwa zifunguliwe. Sielewi kwa nini jambo la busara kiasi hiki halijawa la kawaida kwa kila mtengenezaji. Kuijaza upya sailensa inayofunguka si kazi ya kutisha. Zile zilizofungwa kwa ribiti, fundi huzitoboa ribiti kwa drili, akavuta kifuniko, na bomba lenye matundu hutoka likiwa jeusi, limeshikiwa na mabaki ya nyuzi yaliyogeuka vumbi gumu. Matundu husafishwa kwa brashi ya waya. Kisha bomba huzungushiwa kwanza sufi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo huzikinga nyuzi zisipigwe na moshi moja kwa moja, na juu yake nyuzi mpya, zikazwe vya kutosha zisicheze lakini zisishindiliwe mpaka zikawa tofali, kwa sababu nyuzi zisizo na nafasi kati yake hazinyonyi sauti. Vaa glavu na barakoa, kwani vipande vya nyuzi za kioo huwasha ngozi na havifai kuvutwa puani.

Ya pili ni SuperTrapp, nayo ya Marekani, ambayo mwishoni mwake ina sahani nyembamba zilizopangwa kwa bolti. Ukiongeza sahani, moshi hupata njia pana na sauti hupanda; ukizipunguza, sauti hushuka pamoja na nguvu kidogo. Hakuna chombo kingine kwenye orodha hii kinachomwezesha mtu aliyepimwa 100 mahali panapotakiwa 98 kulimaliza tatizo papo hapo kwa spana. Naiweka ya pili kwa sababu mwenye gari anaweza kuuficha uchakavu wa nyuzi kwa kutoa sahani moja baada ya nyingine, mpaka injini ikaanza kukabwa pasipo yeye kutambua chanzo.

Ya tatu ni sailensa za vyumba, mfano wa zile zilizoipatia Flowmaster jina, ambazo hazina nyuzi kabisa na hupunguza sauti kwa kuigonganisha ndani ya kuta za chuma. Haziungui, haziishi, na kigezo changu haziwezi kukivunja. Hata hivyo ni nzito kuliko zile za nyuzi, hubana moshi zaidi, na nguvu yake iko kwenye mngurumo mzito, ambao kipimasauti tayari kinaupuuza kwa kiasi kikubwa. Kwa gari linalohitaji kushuka desibeli mbili tatu na lisilofukuzia nguvu, ni chaguo la amani.

Ya nne ni rezonata ndefu zilizochomelewa, yaani vinyamazishi vya ziada vinavyofungwa katikati ya bomba, kama zile za Vibrant Performance ya Kanada ziitwazo Ultra Quiet. Zikiwa mpya hufanya kazi nzuri, na kuongeza moja ya namna hiyo mbele ya sailensa inayofunguka ni hatua ninayoiunga mkono. Kuitegemea peke yake ni kukubali kwamba siku moja itakatwa na msumeno na kutupwa.

Ya mwisho ni sailensa zenye valvu ya kufunga na kufungua, kama Varex ya kampuni ya XForce ya Australia. Zikifungwa hupita kipimo cha kusimama kwa urahisi, lakini gari likikimbia na valvu ikiwa wazi, kipimasauti cha kando ya njia hukuta gari jingine kabisa. Ukiifunga siku nzima, umenunua mota na waya vilivyowekwa mahali penye joto kali kuliko karibu pote kwenye gari. Waandaaji nao wameujua mchezo huu, na baadhi yao hudai valvu ikazwe isibadilike baada ya kipimo.

Kuhusu plagi za kuchomeka kwenye mdomo wa ekzosi na makopo ya bei ya chini yasiyo na jina, nitasema kwamba plagi huikaba injini mahali pabaya na kuongeza joto kwenye safari ndefu, na makopo hayo huwa na nyuzi chache mno hata yakiwa mapya. Sina zaidi ya hapo.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni tabia ya wauzaji. Sailensa huuzwa ikiwa na namba ya desibeli iliyoandikwa kwa wino mkubwa, bila umbali, bila kasi ya injini, bila kutaja mizania, na bila kueleza kama injini iliyopimwa ilikuwa na tabochaja, ambayo yenyewe tayari hupunguza sauti ya moshi kabla haujafika kwenye sailensa. Namba ya namna hiyo haimwambii mnunuzi lolote. Mbaya zaidi ni ile dhamana ya maisha. Msomaji mmoja aliyeirudisha sailensa yake alijibiwa kwamba dhamana inahusu ganda na machomeleo, na kwamba nyuzi ni kitu cha kuchakaa. Sawa, ni kitu cha kuchakaa. Basi kwa nini kimefungiwa ndani ya ganda lililochomelewa pande zote, na kwa nini muuzaji huyo hauzi nyuzi za kubadilisha? Pedi za breki huchakaa pia, na hakuna anayezichomelea kwenye gurudumu. Anayeuza kitu kinachoisha huku akikizuia kisibadilishwe anauza tarehe ya kuharibika, na anapaswa kuiandika kwenye kasha.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kifuniko kinatolewaje, nyuzi za kujazia zinapatikana kwake au la, na nyuzi hizo ni za kioo au za basalti, ambazo huvumilia joto zaidi. Agiza pakiti moja ya akiba papo hapo. Lenga kupimwa angalau desibeli 3 chini ya kikomo, kwa sababu ukuta wa jengo lililo karibu na hali ya hewa vinaweza kuibadilisha namba bila wewe kugusa chochote. Na ikiwa gari linapita kipimo cha kusimama kwa nafasi kubwa kisha linaangushwa kando ya njia, iache ekzosi na ufungue boneti: kichujio cha hewa kilicho wazi, au koo za hewa zinazojitegemea kwa kila silinda, hupiga kelele hasa pale dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho, na sanduku la kichujio lililofungwa vizuri litashusha namba ambayo hakuna sailensa itakayoishusha.