Hedifoni, faili au waya: pesa ya sauti nzuri iende wapi kwanza

Tofauti za ubora wa sauti zipo, tena nyingine hata mtoto anazisikia. Kinachoniudhi ni kuona watu wakigharamia zile zisizosikika na kuziacha zinazosikika. Mimi ninazipanga hivi.

1. Hedifoni na spika. Anzia hapa, na sehemu kubwa ya bajeti ibaki hapa. Cheza wimbo mmoja kwenye hedifoni za aina mbili: huku besi imevimba, kule mwimbaji amerudi nyuma ya ngoma. Bei pekee haikuhakikishii kitu, kwa hiyo sikiliza kabla ya kulipa. Kwa zile za kuingiza sikioni, jaribu vipira vya saizi zote, maana kisipoziba vizuri besi yote inavuja. Spika nazo zisogeze mbali kidogo na ukuta au kona usikie besi inavyotulia. Hilo ni bure.

2. Ubora wa faili. MP3 (faili ya muziki iliyobanwa) ya kbps 128, yaani kilobiti 128 kwa kila sekunde, inaweza kukwaruza kwenye matoazi na makofi. Ikifika 256 au 320, wengi hushindwa kuitofautisha na CD. Lipia hadi hapo.

3. Amplifaya na kigeuza sauti cha nje (DAC, kinachogeuza data ya faili kuwa mawimbi ya sauti ya umeme). Nunua ukiwa na sababu: simu inatoa mvumo, au hedifoni zako zinataka nguvu kuliko inayotoka.

4. Faili zinazozidi ubora wa CD. Tangu 1982 CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Hizo zinatosha kurekodi masafa (kasi ya mitetemo ya sauti) yanayopita kidogo 20 kHz, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambako usikivu wa kijana mwenye masikio mazima hukoma. Ukubwani kikomo hicho hushuka. Mwaka 2007 watafiti wa sauti Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554, wasikilizaji wakilinganisha sauti ya ubora wa juu na ileile iliyopitishwa kwenye kiwango cha CD. Wasikilizaji walipatia mara 276, sawa na kurusha sarafu. Toleo jipya likikuvutia zaidi, huenda fundi aliichanganya upya sauti yenyewe.

5. Waya za bei mbaya. Shaba ya kawaida yenye unene wa kutosha inamaliza kazi.

Usiyakubali maneno yangu bila kujipima. Sawazisha kwanza ukubwa wa sauti ya vifaa viwili unavyolinganisha, na utumie kipimo ukiweza, kwa sababu kilicho juu hata kidogo tu huonekana bora. Kisha mtu mwingine abadilishe vifaa kwa kubahatisha nawe usione, utaje kipi kinacheza, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba unasikia kitu cha kweli. Ukiwa chini ya hapo, kirudishe kifaa dukani kabla muda wa kurejesha haujapita, na pesa hiyo iongeze kwenye hedifoni.